Herufi Nene Si Ushamba

Tumeambiwa mara mbili mwaka huu kwamba mabango yetu ni ya kishamba. Mara ya kwanza ilikuwa kwenye semina ya siku tatu ya kutengeneza matangazo. Mara ya pili ilikuwa ujumbe wa sauti uliotumwa kwenye kundi letu la WhatsApp na mtu wa mawasiliano wa shirika fulani. Kosa letu lilikuwa lile lile: herufi nene. Eti zinafanana na kibao cha kinyozi. Eti ni za kizamani, siku hizi dunia imehamia kwenye herufi nyembamba, safi, zenye nafasi. Tukapewa fonti mpya, nyembamba kama uzi, tukaambiwa tuitie rangi ya kijivu ili bango "lipumue".

Siku ile hatukujibu. Chai ilikuwa inakuja na mwalimu alikuwa mtu mzuri. Tunajibu leo, na kwa urefu, kwa sababu jambo hili linagusa nani anapata habari hapa makazini na nani anazikosa. Ndugu zetu wa Nakivale, Kyangwali, Nyarugusu, Kakuma, nyinyi nyote mnaosoma ukurasa huu, mnaujua ubao wa matangazo. Na nyinyi wa mashirika mnaosoma kimyakimya bila kuweka hata alama ya kupenda (tunawaona), hili linawahusu zaidi.

Fonti tuliyokuwa tunaitumia inaitwa Cooper Black. Hata kama jina hujawahi kulisikia, sura yake unaijua. Ni ile yenye herufi zilizonona, kona zote zimeviringika kama andazi lililotoka mafutani sasa hivi. Ina vijiguu mwishoni mwa mistari yake, vile ambavyo wapiga chapa wanaviita serifu, ila vijiguu hivyo havina ncha, ni kama viatu vya mtoto mchanga. Tundu la ndani ya herufi o limeinama kidogo upande wa kushoto, mfano wa mtu aliyeegemea ukuta akipiga soga. Mikia ya p na g ni mifupi, kwa hiyo unaweza kubananisha mistari miwili bila kugongana. Kwenye kompyuta nyingi zenye Microsoft Office imo tayari, ndiyo maana kila kibanda cha fotokopi sokoni kinayo. Hakuna aliyeitafuta. Ilimkuta mtu pale pale alipo, na ikafaa.

Aliyeichora ni Oswald Bruce Cooper, Mmarekani aliyezaliwa Ohio mwaka 1879, akakulia Kansas, kisha akaenda Chicago kusomea uchoraji. Huko alikutana na Fred Bertsch, na mwaka 1904 wakafungua ofisi yao, Bertsch & Cooper. Kazi yao kubwa ilikuwa matangazo ya biashara. Cooper alikuwa fundi wa kuandika herufi kwa mkono. Yaani kabla hazijawa fonti, herufi zake zilikuwa kazi ya kalamu na wino, tangazo moja baada ya jingine, kama yule fundi wetu wa vibao pale sokoni, sisi Wakongo tunamwita pentre, anavyoanza na chaki halafu anafuata na brashi. Kiwanda cha kusubu herufi za risasi cha Barnhart Brothers & Spindler, cha hapo hapo Chicago, kilitaka herufi zake. Ile nene kabisa ilitoka mwaka 1922.

Iliuzwa sana. Wapo wapiga chapa wenye kujiheshimu walioichukia, wakaona inaharibu kazi ya watu. Cooper mwenyewe alikuwa akitania kwamba fonti yake ni ya wapiga chapa wanaoona mbali wenye wateja wasioona mbali. Tuliposoma hilo tulicheka, halafu kicheko kikaisha. Wateja wasioona mbali si ndio wazee wetu hasa? Mtu ana miaka sitini, alikimbia na nguo za mwilini, miwani ilibaki mezani Uvira au ilikanyagwa njiani, na mpaka leo anasoma kwa kukunja uso. Huyo ndiye msomaji wa ubao. Kijana mwenye simu ana njia nyingine za kupata habari.

Cooper alifariki mwaka 1940 na fonti yake ikaendelea na maisha. Mwaka 1966 kundi la muziki la Beach Boys lilitoa albamu yao Pet Sounds, na jalada lake limeandikwa kwa Cooper Black, herufi zimebanana mpaka zinakaribia kukumbatiana. Mwaka 1968 televisheni ya BBC ikaanza kuonyesha Dad's Army, vichekesho vya wazee waliojitolea kulinda Uingereza wakati wa vita, na jina la kipindi likaandikwa kwa herufi hizo hizo. Vijana wa hip-hop wa New York walibandika herufi hizi kwa pasi kwenye fulana zao kuandika majina yao. Hapo ndipo tunapopapenda sisi kuliko pote: mtu ambaye jina lake haliandikwi popote anajiandikia mwenyewe kifuani, tena kwa herufi ambazo hata aliye ng'ambo ya barabara anazisoma. Halafu kuna kampuni ya ndege ya easyJet, iliyoanzishwa mwaka 1995. Nembo yake ni Cooper Black, rangi ya chungwa. Basi kama huu ni ushamba, ni ushamba unaoruka angani Ulaya kila siku na abiria wanalipa nauli.

Tukiacha utani, herufi nene za ukutani ni za zamani kuliko Cooper, na sababu ya kuzaliwa kwao inatuhusu. Kwa muda mrefu wapiga chapa wa Ulaya walikuwa na herufi za vitabu. Walipotaka tangazo, walichukua herufi ya kitabu wakaikuza. Mwanzoni mwa karne ya 19 mambo yakabadilika huko London. Biashara ziliongezeka, bahati nasibu, tamthilia, maduka, kuta zikajaa karatasi, na kila karatasi ikawa inapigania jicho la mtu anayepita akiwa na haraka zake. Robert Thorne akawa miongoni mwa wa kwanza kuuza herufi zilizonenepeshwa kupita kiasi, mistari minene mara kadhaa kuliko ya kitabu. Mwaka 1845 Robert Besley wa kiwanda cha Fann Street akatoa Clarendon, nene lakini yenye utulivu, vijiguu vyake vipana kama miguu ya meza. Upande wa Marekani, Darius Wells alipata njia ya kuchonga herufi za mbao kwa wingi, akachapisha orodha yake ya kwanza mwaka 1828. Herufi kubwa ya risasi ilikuwa nzito, ghali, na ikianguka inavunjika. Mbao ilikuwa nyepesi na rahisi. Kwa hiyo mabango yakakua, na herufi zikakua nayo.

Tunaeleza haya yote kwa sababu semina ilitufundisha kana kwamba kuna herufi nzuri na herufi mbaya, basi. Kumbe kuna herufi za kusoma ukiwa umekaa na kuna herufi za kusoma ukiwa unapita. Kitabu kinakusubiri. Skrini ya simu unaikuza kwa vidole viwili. Ubao hauna vidole. Ile fonti nyembamba ya mwalimu wetu ilikuwa nzuri kweli kweli, pale kwenye kompyuta yake, chumbani, na feni inazunguka. Hatuna ugomvi nayo.

Sasa njooni mtazame ubao wetu. Uko nje, mbele yake kuna wavu wa waya ili karatasi zisichanwe, na wavu huo tayari unakata kila neno vipande vipande. Juu yake vumbi. Saa saba mchana jua linapiga karatasi nyeupe mpaka macho yanauma, na kijivu juu ya nyeupe kwa jua lile ni sawa na kutoandika. Jioni, watu wanapotoka shambani, hakuna taa. Herufi nyembamba inakufa kwenye wavu, inakufa kwenye jua, inakufa gizani. Herufi nene inakatwa na waya lakini kinachobaki bado kinatosha kujua ni neno gani.

Miezi kadhaa iliyopita ilibandikwa pale karatasi ya A4 kuhusu kubadilishwa kwa siku ya kuhakiki kadi za familia. Juu kabisa nembo sita zimejipanga kama wageni rasmi. Chini yake kichwa cha habari kirefu cha mistari miwili. Siku yenyewe, ambayo ndiyo habari, ilikuwa ndani ya aya ya pili, mstari wa nne, herufi za ukubwa wa gazeti. Wapo majirani zetu waliokwenda siku ya zamani, wakapanga foleni tangu alfajiri, wakarudishwa. Mama mmoja wa mtaa wetu alilipa bodaboda kwenda na kurudi, na siku hiyo alikuwa ameahidiwa kazi ya kulima shamba la mtu, akaikosa. Alipotukuta jioni hakulalamika sana. Alisema kwa Kiswahili chetu cha Kivu: "Batoto yangu, mubandike kitu yenye macho yangu inaweza kuona."

Hakuomba bango zuri. Na tuliyemwuliza ofisini alituambia, bila ubaya, kwamba tangazo lilitolewa na karatasi ilibandikwa, kuna picha ya kuthibitisha. Tumeiona picha. Kwenye picha, nembo zinasomeka vizuri sana.

Kuna jambo jingine ambalo tunadhani wengi walio ofisini hawajawahi kulifikiria, kwa sababu hawajawahi kusimama mbele ya ubao huu wakiwa na shida ya siri. Herufi ndogo inakulazimisha ukaribie. Inabidi usimame, uinamishe kichwa, ufuate mstari kwa kidole. Kila anayepita anaona unasoma karatasi gani. Sasa karatasi ikiwa ni ya namba ya kupiga kama umepigwa nyumbani, au ya siku za kliniki ya magonjwa ambayo watu wanayasema kwa kunong'ona, nani atasimama pale? Dada zetu wametuambia wazi: hawasimami. Wanapita. Namba hiyo ikiandikwa kwa herufi nene za kuonekana kutoka njiani, dada anaisoma akiwa amebeba ndoo kichwani, hapunguzi hata mwendo, na hakuna atakayejua. Wengi tulikuwa tunafikiri mambo ya siri yaandikwe kidogo kidogo. Ni kinyume.

Hapo hapo lakini tunapaswa kusema ukweli kuhusu Cooper Black, maana tusije tukaonekana tumeoa fonti. Cooper Black inatabasamu. Haiwezi kununa hata ukiilazimisha. Ukiandika "Mashindano ya mpira Jumamosi" inafaa. "Kozi ya cherehani, waliochaguliwa" inafaa. "Karibuni kwa Mama Pili, chapati na maharage" inafaa kuliko fonti yoyote duniani. Jaribu sasa kuandika "Kipindupindu" kwa Cooper Black. Inakuwa kama jina la biskuti. Tangazo la msiba nalo halifai, na ile namba ya dada aliyepigwa haifai pia: mtu mwenye maumivu ukimjia unachekacheka atakuona huna adabu. Kwa mambo ya namna hiyo kuna jamaa zake Clarendon. Hizo ni nene vile vile, zina vijiguu, zinaonekana mbali, lakini zimesimama wima na uso wao ni wa mtu mzima. Huduma ya mbuga za taifa za Marekani ilizitumia miaka mingi kwenye vibao vyake vya njiani, na kibao cha njiani porini ni kitu unachotaka kukiamini. Ukitaka ya bure ya aina hiyo, ipo Alfa Slab One, unaipakua kwenye Google Fonts bila kulipa. Ni nene mno kidogo kwa maoni yetu, lakini haichekicheki.

Ipo pia Abril Fatface, ya bure vile vile, ambayo wenzetu wawili kwenye kundi wanaipenda kufa. Inafuata zile herufi za mabango ya London tulizozitaja: mistari minene kabisa inakutana na mistari myembamba kabisa. Kwenye turubai kubwa la tamasha inapendeza, hatubishi. Kwenye fotokopi ni balaa. Tuliichapisha, tukaitoa kopi, kopi tukaitolea kopi. Ya tatu ile mistari myembamba ilikuwa imetoweka, n imekuwa vijiti viwili visivyojuana. Na hapa makazini hakuna tangazo linalofika ubaoni likiwa kopi ya kwanza. Inatoka ofisi kuu, inakwenda kwa kiongozi wa kanda, anaitoa kopi, inakwenda kwa viongozi wa vijiji, nao wanaitoa kopi kwenye kibanda ambacho wino wake unalia.

Cooper Black yenyewe ikipita njia hiyo inapata ugonjwa mwingine. Haipotezi mistari, inaziba matundu. Tundu la a na tundu la e ni dogo tangu mwanzo, wino ukimwagika kidogo linafungika, herufi inabaki donge. Mzungumzaji wa Kiingereza pengine asingesumbuka sana. Sisi tuna taabu, maana hesabu mwenyewe a zilizomo katika sentensi yoyote ya Kiswahili. "Mama anapata chakula" ina a nane. Zikiziba zote unasoma nini? Dawa tuliyoiona inafanya kazi ni kuandika kubwa, kuachanisha herufi kidogo (acheni kubana kama jalada la Beach Boys, wale walikuwa na mashine nzuri), na kamwe kutotumia herufi kubwa tupu mwanzo hadi mwisho. Neno lililoandikwa kwa herufi kubwa tupu za Cooper Black ni kama safu ya magunia. Neno lenye herufi ndogo lina vichwa na mikia, k inapanda, p inashuka, na mtu anayejifunza kusoma anashika hapo.

Sasa tuje kwenye Kiswahili chenyewe, kwa sababu hapa ndipo herufi nene ilipotufundisha kitu ambacho semina haikutufundisha. Maneno yetu ya ofisini ni marefu. "Uthibitishaji" lina herufi 13. Ukitaka kuliandika kwa Cooper Black ya pointi 110 halitoshei kwenye A4 iliyosimama. Linatoka nje ya karatasi. Mwanzoni tulipunguza ukubwa. Halafu mmoja wetu, msichana ambaye huwa haongei sana mikutanoni, akauliza: mbona tusilitoe hilo neno? Karatasi ilikuwa imeandikwa "Tangazo kuhusu zoezi la uthibitishaji wa taarifa za kaya za wakimbizi". Tukauliza watu wanatakiwa wafanye nini hasa. Walete kadi. Lini? Jumatano. Tukaandika "Leta kadi" mstari wa kwanza, "Jumatano" mstari wa pili, mwisho. Inaenea, tena "Leta kadi" inakaa kwenye pointi 110 bila kuguswa.

Hivyo ndivyo tulivyokuja kuipenda fonti hii kwa sababu ambayo Cooper pengine hakuifikiria. Unene unakubana. Huna nafasi ya kupamba. Huwezi kuweka "zoezi" na "kuhusu" na "ndani ya mfumo wa". Ukiwa na herufi nyembamba unaweza kuandika aya tatu bila kusema kitu, na aya hizo zitapendeza. Ukiwa na herufi nene una maneno matatu au manne, lazima uchague, na ukichagua lazima kwanza uelewe tangazo linasema nini. Tumekutana na matangazo ambayo tulipojaribu kuyapunguza hadi maneno manne tuligundua hata aliyeyaandika alikuwa hajui anataka watu wafanye nini.

Tunajua majibu ya ndugu zetu wa mashirika, maana tumeyasikia. La kwanza ni mwongozo wa nembo. Kila shirika lina kitabu chake kinachosema fonti ipi, rangi ipi, nembo ikae wapi na iwe mbali kiasi gani na kitu kingine. Tunauheshimu. Ripoti ya mfadhili iandikwe hivyo, mlango wa ofisi uandikwe hivyo, fulana pia. Lakini mwongozo ule uliandikwa na mtu aliyekuwa anawaza mfadhili atalitambuaje shirika. Msomaji wa ubao wetu hana haja ya kulitambua shirika kutoka mita kumi. Anataka kujua ni Jumatano au Alhamisi. Nembo zikae chini, ndogo, zipo, picha ipigwe. Hakuna anayekataa.

La pili ni wino. Hili lina ukweli. Herufi nene inakula wino, na mashine ya kibanda inayotumia umeme wa jua haipendi eneo kubwa jeusi. Ndiyo maana hatusemi ukurasa mzima. Herufi za namna hii ni za kichwa tu, maneno machache ya juu. Maelezo ya chini yaandikwe kwa herufi ya kawaida, nyeusi, ukubwa wa kutosha. Aya nzima ya Cooper Black haisomeki, ni kama kula sukari kwa kijiko. Na mkitaka kuokoa wino zaidi, mwajirini pentre. Yupo, ana brashi, ana rangi, na kibao chake cha bati kinakaa miaka miwili kwenye mvua. Namba ya dharura haibadiliki kila wiki. Kwa nini tunaichapisha upya kila mwezi kwenye karatasi inayoliwa na mchwa?

La tatu ndilo linalotuuma. Ni lile la heshima: kwamba mabango yenye herufi nene yanatufanya tuonekane watu wa chini, watu wa kupigiwa kelele. Tumelijadili sana kati yetu, na hatukukubaliana wote. Kuna mwenzetu anasema kweli, amechoka kuona kila kitu kinachotuhusu kimeandikwa kama onyo. Tunamwelewa. Kelele tunaijua, tumepigiwa vipaza sauti vya kutosha kwenye foleni. Lakini wengi wetu tunaona kelele haiko kwenye unene. Iko kwenye maneno. "Marufuku kuvuka mstari huu" inapiga kelele hata kwa herufi nyembamba ya kijivu. "Karibu, kliniki iko wazi" haipigi kelele hata ikiandikwa kubwa kama mlango. Kina mama wa pwani wanavaa kanga zenye maneno ya herufi nene kabisa na hakuna anayesema kanga haina heshima. Na kibao cha kinyozi tulichofananishwa nacho, jamani, ni kibao ambacho mtu amekilipia kwa pesa yake, kiko sokoni kinashindana na vingine ishirini, na wateja wanafika. Kama matangazo yetu yangefikisha watu kama kibao cha kinyozi, tungeshukuru.

Basi tunachoomba ni kidogo. Karatasi inayokuja ubaoni kutoka ofisi yoyote ije na maneno manne au pungufu juu, kwa herufi nene, urefu wa herufi kubwa usipungue sentimita mbili na nusu. Mafundi wa vibao wanahesabu hivyo kwa mtu aliyesimama kama mita tatu, na kwenye kompyuta ni karibu pointi 100. Siku na mahali viwe ndani ya maneno hayo, visijifiche kwenye aya. Habari njema ziandikwe kwa Cooper Black, za huzuni na za hatari kwa Alfa Slab One au kwa mkono wa pentre. Kopi itolewe kwenye karatasi ya kwanza, isitolewe kwenye kopi. Na kabla ya kubandika, mmoja wenu atoke nje na sisi, tuiegemeze ubaoni nyuma ya waya, arudi nyuma hatua nne, asome kwa sauti. Tutaleta na mzee mmoja asiye na miwani.

Karatasi mbili za majaribio ziko kwenye ubao ulio karibu na kisima tangu Jumatatu, maneno yale yale, moja kwa fonti ya semina na moja kwa Cooper Black. Ukipita na jerikani lako, usikaribie. Soma ukiwa njiani, halafu utuandikie hapa chini umeona ipi, ilikuwa saa ngapi, na una umri gani.